Mwenye Cheti Ameshaonywa

Katika sheria za Torati, sura ya 21 ya kitabu cha Kutoka, kuna kesi ya ng'ombe aliyempiga mtu pembe akamuua. Hukumu yake ina sehemu mbili. Kama ng'ombe huyo hakuwa na mazoea ya kupiga pembe, anapigwa mawe, nyama yake hailiwi, na mwenye ng'ombe anaachiwa huru. Lakini kama ng'ombe alikuwa na mazoea hayo, na mwenyewe alikwisha kuambiwa wala hakumfunga, basi damu ya marehemu iko juu ya kichwa chake pia. Ng'ombe ni yuleyule, pembe ni zilezile, na maiti ni moja. Kilichogeuza hukumu hakionekani zizini: ni kwamba mtu alikuwa ameambiwa.

Kesi hiyo inafaa kujibu swali ambalo siku hizi linaulizwa kwa lugha ya ajira peke yake: nisomee cheti gani cha usalama mahali pa kazi, na nijiandae vipi? Majibu yanayotolewa ni ya ada, muda wa masomo na mishahara ya Ghuba. Hayo ni mambo halali, kwa maana mtu hasomi kwa hewa. Lakini chini yake lipo swali la maadili lisiloulizwa: huyu aliyefuzu anakuwa nani mbele ya wenzake? Wengi hulijibu kimyakimya kwamba cheti ni kinga, hirizi ya karatasi itakayomlinda kampuni ikipelekwa mahakamani na kumpandisha cheo ikipata zabuni. Mimi nasema kinyume chake. Cheti hakimkingi aliyekipata, bali kinamvua udhuru. Ni hati kwamba ameonywa mbele ya mashahidi, kwa tarehe na kwa jina lake kamili. Mtu akilikubali hilo, atachagua cheti kwa namna nyingine na atakisomea kwa namna nyingine.

Kuna pingamizi lililotangulia vyeti vyote, nalo husemwa msibani: ajali haina kinga. Silidharau. Kwa mfiwa, msemo huo ni rehema. Unampunguzia mama mzigo wa kujiuliza usiku kucha kama angemzuia mwanawe asiende kazini siku ile. Tatizo huanza msemo unapotoka kwenye mkeka wa matanga ukaingia ofisini kwa mkandarasi, ukasemwa na yule ambaye kiunzi chake kilifungwa kwa kamba zilizooza. Dini zetu hazimpi ruhusa hiyo. Injili ya Luka inasimulia kuwa mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu 18, Yesu aliikataa fikra kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kumbe msiba si hukumu juu ya aliyepatwa. Lakini Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 22, inamwamuru anayejenga nyumba mpya aweke ukuta wa kuzuia kando ya dari yake, asije mtu akaanguka na nyumba ikabeba damu. Andiko moja linatukataza kumhukumu aliyeanguka; la pili linamhukumu aliyeacha kujenga ukingo. Kwa upande wa Waislamu, Khalifa Umar bin Khattab alipofika Sargh akielekea Sham, akapata habari kwamba huko kumeingia tauni, aliamua kugeuza msafara. Sahaba Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu la Umar likawa kwamba anaikimbia kadari kwenda kwenye kadari, mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde la upande mmoja lenye majani na upande mwingine kame: popote atakapochunga, amechunga kwa kadari. Tahadhari, kwa maelezo hayo, haiko nje ya takdiri wala haishindani nayo.

Hata tukiuchukua msemo wenyewe kwa maana yake nyembamba, ushahidi unaupa nafasi ndogo kuliko tunavyodhani. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 2.93 walikufa kwa sababu zinazohusiana na kazi. Kati yao, waliokufa kwa ajali walikuwa kama 330,000. Waliobaki, yaani takribani milioni 2.6, waliuawa na maradhi: ya moyo na mishipa, saratani, mapafu yaliyojaa vumbi. Mchimbaji anayevuta vumbi la mwamba kwa miaka 15 hapatwi na jambo la ghafla. Anauawa kidogokidogo, kila zamu, mbele ya macho ya watu wanaoweza kupima vumbi hilo. Kuliita hilo ajali ni kumsingizia Mungu kazi ya msimamizi.

Basi turudi kwenye uchaguzi. Soko la vyeti limejaa, na mkanganyiko wake una kichekesho chake. Tanzania ina OSHA, wakala wa serikali unaosimamia Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya usalama na afya mahali pa kazi. Kenya ina OSHA, ambayo si ofisi bali ni sheria ya mwaka 2007. Na Marekani ina OSHA yake, iliyotokana na sheria ya mwaka 1970. Kijana anaonyesha kadi ya kozi ya saa 30 ya OSHA ya Marekani akiamini ameidhinishwa na serikali fulani, ilhali OSHA hiyo yenyewe inasema wazi kuwa kadi hiyo si cheti cha ufuzu; ni uthibitisho tu kwamba mtu alihudhuria mafunzo ya kujenga uelewa. Ngazi nyingine ni IOSH, taasisi ya wataalamu wa usalama ya Uingereza, ambayo kozi yake ya mameneja ni ya siku chache. Juu kidogo kuna cheti cha kimataifa cha NEBOSH, bodi ya Uingereza iliyoanza mwaka 1979, ambacho matangazo ya kazi za ujenzi na mafuta huko Ghuba hukitaja mara kwa mara. Juu zaidi kuna CSP, cheti cha wataalamu wa usalama cha Marekani, kinachodai shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka minne kabla mtu hajakaa kwenye mtihani. Kila kimoja kina thamani yake, na hakuna hata kimoja kinachochukua nafasi ya kuijua sheria ya nchi unayofanyia kazi.

Lakini anayeuliza kipi kinalipa zaidi ameanzia mwisho. Kama cheti ni onyo, swali la kwanza ni hatari ipi iliyo mbele yangu, ambayo watu wanaofanya kazi chini yangu hawaijui na mimi sijaijua vya kutosha. Chukua mashimo ya maji taka, visima na matangi. Katika miji yetu, kazi hiyo hupewa vibarua, na habari zake huja kwa mtindo ambao hatuhitaji hata kuusoma hadi mwisho: mmoja aliingia, akazimia, wa pili akamfuata kumwokoa, wa tatu naye. Tunawasifu kwa upendo wao, na upendo ulikuwapo kweli. Lakini kilichowaua kinaelezeka. Uchafu unaooza hutoa gesi ya salfidi ya hidrojeni, yenye harufu ya yai viza. Gesi ikizidi, pua hufa ganzi na harufu hutoweka, mtu akadhani hewa imesafika. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, chini ya 19.5 huhesabiwa kuwa na upungufu, na kutu ya kuta za tangi lililofungwa inatosha kuila oksijeni hiyo bila kuacha dalili yoyote. Pampu ya petroli ikishushwa kisimani ili kukausha maji hujaza kisima kwa monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Mwaka 1986 NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama kazini, ilionya kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu za namna hiyo walikuwa waokoaji.

Nimekaa hapo kwa makusudi, kwa sababu takwimu hiyo inagusa fundisho tunalolipenda sana, kwamba moyo mwema unatosha. Hautoshi. Anayejitupa shimoni bila kipima gesi, bila kamba, bila mtu wa kusimama juu, anatoa uhai wake na uhai huo haumfikii aliyeko chini. Wanafalsafa tangu Aristotle wamesema kuwa ushujaa usioongozwa na busara si ushujaa kamili, na hapa maneno hayo si ya darasani tena. Huruma ina wajibu wa kujua. Msimamizi mwenye vibarua wanaoingia mashimoni, akienda kusomea cheti cha jumla chenye jina kubwa huku akiruka mafunzo mafupi ya kazi za sehemu finyu na uokoaji, amechagua kwa ajili ya ukuta wa ofisi yake. Na yule wa kiwanda cha saruji, ambaye adui yake ni vumbi, akasomea kuzima moto kwa sababu ndiyo kozi iliyopatikana wiki ile, naye ameonywa juu ya ng'ombe wa jirani.

Maandalizi nayo yanafuata hapohapo. Tumezoea kusoma kwa kukariri na kwa madesa: maswali ya miaka iliyopita, majibu yaliyokolezwa rangi, na usiku wa mwisho usio na usingizi. Kwa mitihani ya kuchagua jibu, njia hiyo humvusha mtu. Lakini tangu mwaka 2020 mtihani wa kwanza wa cheti cha kimataifa cha NEBOSH umekuwa wa vitabu wazi: mtahiniwa anapewa mkasa wa mahali pa kazi, anaruhusiwa kufungua vitabu vyake vyote, na anatakiwa aonyeshe kutoka kwenye mkasa wenyewe kwa nini anasema anachosema. Sehemu ya pili ni tathmini ya vihatarishi vya mahali halisi pa kazi. Kumbukumbu haina kazi kubwa pale. Kinachopimwa ni kama mtu anaona. Na kuona kunafunzwa kwa kutembea: kuzunguka karakana na daftari, kuuliza mashine hii inasafishwaje na nani, ikiwa imezimwa au inazunguka, na kwa nini kinga yake imefunguliwa ikawekwa pembeni. Anayelipa mtu amwandikie tathmini hiyo, biashara inayofanyika bila aibu kubwa, amenunua ushahidi wa kwamba ameonywa bila kulisikia onyo. Sijui udanganyifu wa mtihani unaoweza kuwa na ukatili zaidi ya huo, maana atakayelipa deni si mdanganyifu.

Humo ndani ya mtaala lipo pia fundisho ambalo watahiniwa hulikariri kama orodha na kulipita, ingawa lina theolojia nzima. Ni ngazi ya udhibiti: kwanza ondoa kihatarishi chenyewe, usipoweza, badilisha kwa kitu chenye madhara madogo, kisha tenga watu nacho kwa njia za kihandisi, kisha weka taratibu, mafunzo na mabango, na mwisho kabisa, vifaa vya kujikinga, yaani kofia ngumu, buti, barakoa. Kwetu ngazi hii husimamishwa kichwa chini. Kampuni hugawa vizibao vinavyong'aa, hupiga picha, na kubandika bango la kuwaambia wafanyakazi wawe makini. Mantiki ya mabango hayo ni kwamba usalama unategemea mtu asikosee kamwe. Lakini ni mapokeo gani ya dini yaliyowahi kufundisha kuwa mtu hakosei? Kurani inasema mwanadamu ameumbwa dhaifu, na Ukristo umejenga mafundisho mengi juu ya udhaifu huohuo. Ngazi ya udhibiti inamchukulia binadamu kama alivyo: anachoka, anasahau, anawaza ada ya mtoto wakati msumeno unazunguka. Kumjengea kinga mtu wa namna hiyo ni kumheshimu. Kumdai ukamilifu kisha kumlaumu akikatwa kidole ni dhuluma iliyovishwa maneno ya uwajibikaji.

Fundi mzoefu atasema hapa kwamba karatasi haijui kazi. Ana hoja, tena yenye ushahidi mzito kuliko anavyofikiri. Mwezi Agosti 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, Karachi, kilipewa cheti cha SA8000, kiwango cha kimataifa kinachogusa pia afya na usalama wa wafanyakazi. Tarehe 11 Septemba, wiki chache tu baadaye, kiliwaka moto na kuua zaidi ya watu 250. Mahakama ya Pakistan ilikuja kuamua mwaka 2020 kwamba moto uliwashwa kwa makusudi na watu waliokuwa wakidai fedha kwa vitisho. Sawa, lakini madirisha yenye nondo na milango ya kutokea iliyofungwa havikuwekwa na wachomaji. Cheti kilikuwapo, na mlango ulikuwa umefungwa. Hata hivyo kisa hicho hakithibitishi kuwa elimu haina maana. Kinathibitisha kuwa cheti kikichukuliwa kama kinga, kinaweza kumtuliza mtu kuliko kutokuwa nacho. Uzoefu nao una ugonjwa wake, kwa kuwa fundi aliyepanda bila mkanda miaka 20 hajathibitisha kuwa mkanda hauhitajiki. Wale ambao wangempinga hawapo kutoa ushahidi. Uzoefu na mafunzo vinahitajiana, kila kimoja kikimhoji mwenzake.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwenye hoja yangu mwenyewe. Kama kujua kunaongeza hatia, je, si afadhali kutojua? Mwenye karakana mjanja atasema hataki ofisa usalama, hataki ripoti, hataki kuambiwa ng'ombe wake ana mazoea gani. Mtakatifu Thomas wa Akwino alilifikiria hilo katika karne ya 13, akasema kuwa ujinga wa kujitakia, ule ambao mtu anaukumbatia ili atende dhambi kwa uhuru zaidi, haumpunguzii hatia. Mwaka 1877 Mwingereza W. K. Clifford alilisukuma mbali zaidi kwa mfano wa mwenye meli. Meli ni kuukuu, watu wamemdokeza kwamba inahitaji matengenezo, naye anajituliza: imeshastahimili dhoruba nyingi, Mungu atawalinda abiria. Meli inazama. Clifford anasema ana hatia ya vifo hivyo, ingawa aliamini kwa moyo kwamba meli iko salama, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anaongeza kwamba hata kama meli ingefika salama, hatia yake ingekuwa ileile. Msomaji wa Kanda ya Ziwa hahitaji kufafanuliwa mfano huo. MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi mara mbili ya idadi hiyo. Kivuko kinachojazwa kupita kiasi hufika salama mara nyingi kabla ya siku ya kuzama, na kila mara kinapofika, watu hujifunza somo lisilo sahihi.

Kwa hiyo kukwepa onyo hakuondoi deni, na hapo Clifford ni mkali kuliko Torati yenyewe, ambayo ilimwachia asiyeambiwa. Mimi nasimama katikati yao. Yupo mtu ambaye kweli hakuwa na namna ya kujua, kama saidia fundi wa siku ya kwanza aliyetumwa kubomoa bati la zamani la asbesto. Huyo hadaiwi kitu. Lakini mtu anayeajiri wengine, katika nchi yenye wakaguzi, kozi na simu ya mkononi, hana tena zizi lisilofikiwa na habari.

Bado wapo watakaosema kwamba aliyefuzu hana mamlaka. Bosi ndiye mwenye ng'ombe. Ni kweli, na ndiyo maana wajibu wa kwanza wa mwenye cheti ni kuonya kwa maandishi, kwa tarehe, kihatarishi na hatua inayopendekezwa, ili naye bosi aingie katika kundi la walioambiwa. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi anayejitoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu kutokea. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 nayo, katika kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi aripoti hatari ya namna hiyo, na inamkataza mwajiri kuwarudisha watu kazini kabla haijarekebishwa. Kwa kibarua wa kutwa asiye na mkataba, vifungu hivyo vinasomeka vizuri kuliko vinavyofanya kazi, kwani jina lake haliko kwenye daftari lolote na kesho nafasi yake itachukuliwa na mwingine aliyesimama getini. Ndiyo sababu ofisa mwenye cheti na mkataba anadaiwa zaidi wakati kibali cha kuingia shimoni kinapoletwa mezani bila vipimo vya gesi. Akikataa kutia saini, huenda akapoteza kazi mwezi huu, na hilo si jambo dogo kwa mwenye familia. Kibarua akikataa kuingia, watoto wake hawali usiku huohuo. Na akiingia kwa saini ile, ameingia akimwamini mtu aliyesomea kujua.